Jagadish Chandra Bose: Mbengali aliyekataa mshahara wa kubaguliwa, na mawimbi yanayopima udongo

Muuza embe wa Kongowea hana mashine. Ana kidole gumba na pua. Hulibonyeza embe karibu na kikonyo, akalinusa, akakwambia hili la leo na lile la kesho kutwa, na mara nyingi huwa kweli. Mwenye madafu naye huligonga dafu kwa panga akasikiliza. Mkulima wa Magarini huchimba kidogo kwa jembe, akaufinya udongo kiganjani, akajua kama mvua imeshuka chini au imelowesha juu tu. Ujuzi huo ni urithi wetu na siudharau hata kidogo.

Lakini siku hizi kuna njia nyingine ya kuuliza maswali hayo hayo. Ni mawimbi ya maikrowevu, jamaa ya yale yanayopasha chakula moto katika majiko ya umeme. Yanarushwa kwenye nafaka, kwenye tunda au ardhini, kisha vyombo vinasoma yalivyopungua au yalivyorudi, na kutokana na hapo mtu anajua unyevu uliomo ndani bila kupasua wala kuchimba. Kila ninapofuatilia habari zake na kurudi nyuma kutafuta zilikoanzia, nakutana na mtu mmoja: Jagadish Chandra Bose wa Bengal. Wengi wetu tukisikia Bose tunafikiria spika za muziki. Yule ni Bose mwingine. Huyu wangu amefariki tangu 1937, na maisha yake nadhani yanatuhusu sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 huko Mymensingh, nchi ambayo leo ni Bangladesh, chini ya utawala wa Waingereza. Baba yake, Bhagawan Chandra, alikuwa mtumishi wa serikali mwenye cheo, hakimu. Watu wa cheo chake wakati ule walipeleka watoto wao shule za Kiingereza, ili mtoto aanze mapema kutamka kama bwana mkubwa. Bhagawan alikataa. Alimtia mwanawe katika shule ya kijijini ya lugha ya Kibengali, akisema mtu aijue kwanza lugha ya mama yake na watu wake. Darasani, mtoto wa hakimu alikaa baina ya mtoto wa mtumishi Muislamu wa baba yake upande mmoja, na mtoto wa mvuvi upande wa pili. Hao ndio waliokuwa wakimsimulia habari za ndege, wanyama na viumbe wa majini, na Bose mwenyewe akiwa mtu mzima alisema mapenzi yake ya kuchunguza maumbile yalianzia hapo. Wakirudi nyumbani pamoja, mama yake aliwalisha wote bila kubagua, ingawa alikuwa mwanamke wa kale aliyeshika mila za Kihindu.

Kuna jambo jingine la utoto wake linalonifurahisha. Aliyembeba mabegani kumpeleka shule alikuwa mtu aliyewahi kuwa jambazi. Hakimu ndiye aliyemfunga, na alipomaliza kifungo akaja kulalamika kwamba hakuna wa kumpa kazi. Hakimu akamwajiri amlee mwanawe. Njiani yule bwana alikuwa akimhadithia mtoto mapambano yake ya zamani. Sijui ni baba wangapi Mombasa leo wangethubutu.

Alikwenda Calcutta, akasoma kwa mapadri wa St Xavier's, akapata digrii. Baba hakutaka awe mtawala chini ya Waingereza. Alitaka awe msomi. Tatizo lilikuwa pesa. Bhagawan alikuwa na moyo wa kuanzisha miradi ya kusaidia watu, na miradi hiyo ilimwacha na madeni makubwa. Hata hivyo mwaka 1880 kijana alivuka bahari kwenda London kusomea udaktari. Homa ilimsumbua, na harufu ya chumba cha kupasulia maiti ikamzidishia. Akaacha, akaingia Cambridge kusoma sayansi, na mmoja wa walimu wake huko alikuwa Lord Rayleigh, bingwa wa fizikia wa zama zile. Mwaka 1885 alikuwa amerudi Calcutta, ameajiriwa kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo.

Utaratibu wa serikali ulikuwa kwamba profesa wa Kihindi alipwe thuluthi mbili ya mshahara wa profesa Mzungu. Na kwa kuwa Bose aliajiriwa kwa muda, walimkata tena nusu ya hiyo. Akabaki na thuluthi moja. Kazi ile ile, wanafunzi wale wale, ubao ule ule. Nimewahi kufanya kazi mahali, pasipo haja ya kupataja, ambapo wawili tuliketi meza moja na kufanya kazi moja, na bahasha zetu za mwisho wa mwezi hazikufanana, kwa sababu ambazo kila mtu alizijua na hakuna aliyezisema. Wengi wetu hunung'unika barazani na kuchukua kile kidogo. Bose hakunung'unika na hakuchukua. Aliingia darasani kila siku, akafundisha kwa ukamilifu, na kila hundi iliyokuja akairudisha. Hakuacha kazi wala hakuzembea ili wapate la kusema. Alifanya hivyo kwa miaka 3.

Tukumbuke kwamba huyu si mtoto wa tajiri. Baba ana madeni, na katikati ya mgomo wake, mwaka 1887, akaoa. Mkewe Abala alikuwa msomi naye, aliyesomea udaktari huko Madras wakati ambapo wanawake wa kufanya hivyo walikuwa wa kuhesabu. Kodi ya Calcutta iliwashinda, wakapanga ng'ambo ya mto Hooghly. Asubuhi walivuka kwa mashua, mume akashuka kwenda kazini, na Abala akaipiga makasia kuirudisha, kisha jioni akaja tena kumchukua. Sisi wa Likoni tunaolalamikia foleni ya feri tunaweza kuielewa ndoa hiyo. Mwisho wa miaka mitatu chuo kilisalimu amri. Walimthibitisha kazini na kumlipa mshahara kamili wa miaka yote ile kwa mkupuo. Pesa hiyo akalipia madeni ya baba yake.

Utafiti alianza kwa dhati alipotimia miaka 36, mwaka 1894. Wapo vijana wanaoona mtu akifika umri huo bila jina basi safari imekwisha. Chuo hakikuwa na maabara ya utafiti. Alipata kijichumba cha kuhesabu hatua, akamtafuta fundi wa bati wa mtaani na kumfundisha kutengeneza vyombo, na gharama nyingi zikatoka mfukoni mwake.

Wakati huo Heinrich Hertz wa Ujerumani alikuwa amekwisha kuonyesha, mwishoni mwa miaka ya 1880, kwamba mawimbi ya umeme husafiri hewani kama mwanga. Lakini mawimbi ya Hertz yalikuwa marefu, mengine ya mita kadhaa. Ukitaka kuyapinda au kuyarudisha kama mwanga kwenye kioo, ulihitaji vifaa vikubwa kama milango. Bose aliwaza tofauti: ikiwa chumba changu ni kidogo, niyafanye mawimbi yawe madogo. Akayafupisha hadi milimita 5 hivi. Hayo ndiyo tunayoyaita leo maikrowevu, na hasa yale mafupi zaidi miongoni mwake. Vyombo vyake vyote vikaenea juu ya meza. Alitumia mirija ya chuma kuyaongoza mawimbi na pembe ya bati kuyakusanya, na ukifungua kifaa cha maikrowevu cha kisasa utakuta mirija na pembe za namna hiyo hiyo.

Mwaka 1895, katika ukumbi wa mji wa Calcutta, aliwaonyesha watu. Mawimbi yalitoka chumba kimoja, yakapenya kuta na mwili wa naibu gavana aliyekuwa mgeni wa heshima, na umbali wa mita 20 na ushei yakagonga kengele na kulipua baruti. Marconi wa Italia, ambaye dunia ilikuja kumpa sifa ya redio, alikuwa bado kijana anajaribu vyombo vyake nyumbani kwao.

Baruti ilipigiwa makofi, lakini mimi navutiwa zaidi na vitu vya kawaida alivyokuwa akiviweka mbele ya mawimbi hayo. Alichukua kitabu cha ratiba ya treni za Uingereza akatia karatasi za bati baina ya kurasa zake, na mawimbi yakapita ikiwa kitabu kimekaa upande mmoja na kuzuiwa kikigeuzwa. Akajaribu nywele za binadamu. Akajaribu nyuzi za mimea: za mnanasi, za mgomba na za juti, juti ile ile ya magunia ambayo Bengal iliyauza dunia nzima na yakajaa maghala ya bandari yetu. Aliona kwamba nyuzi hizo hubagua mawimbi kulingana na zilivyolala. Kisha akafanya jambo la ajabu. Alisokota vipande vya juti, vingine kwa mkono wa kulia na vingine kwa mkono wa kushoto, akavipanga, na mawimbi yaliyopita humo yakageuzwa kulia au kushoto kufuata msokoto. Alikuwa akiiga sukari. Maji ya sukari hugeuza mwanga kwa namna hiyo, na wafanyabiashara wa sukari walikuwa tayari wakipima utamu kwa njia hiyo. Bose akaeleza kwa kamba za juti kinachofanywa na chembe za sukari zisizoonekana kwa jicho.

Sitaki kumsingizia. Bose hakupima embe wala shamba. Alichofanya ni kuuliza swali ambalo vipimo vya leo vinaliuliza bado: wimbi hili likipita ndani ya kitu hiki, linabadilika vipi, na mabadiliko hayo yanasema nini juu ya kilichomo?

Jibu kubwa, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, ni maji. Chembe ya maji ina ncha mbili, moja ina chaji chanya na nyingine hasi. Wimbi la maikrowevu likipita, chembe hizo hujaribu kugeukageuka kulifuata, na kwa hivyo hulipunguza mwendo na kuinyonya nguvu yake. Wataalamu wana kipimo cha jinsi kitu kinavyoliitikia wimbi: udongo mkavu hupata kama 3 au 4, na maji matupu hukaribia 80. Tofauti hiyo ni kubwa mno, kiasi kwamba tone likiongezeka mchangani, wimbi linajua. Ndiyo maana unyevu wa nafaka unaweza kupimwa kwa maikrowevu mahindi yakiwa bado yanapita kwenye mkondo wa mashine. Na tunaofahamu sumukuvu imetuua watu wangapi nchini kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, tunajua hilo si jambo la mchezo.

Kwa udongo, wanasayansi wamepanda hadi angani. Setilaiti ya Ulaya iitwayo SMOS ilirushwa 2009, na ya Marekani iitwayo SMAP ikarushwa Januari 2015. Ardhi yenyewe hutoa maikrowevu hafifu, na ardhi iliyolowa hutoa kidogo kuliko iliyokauka. Setilaiti hizo husikiliza mawimbi ya urefu wa sentimita 21 hivi, ambayo hayazuiwi na mawingu wala na majani mepesi, na hupata habari za kama sentimita 5 za juu ya udongo. SMAP huizunguka dunia yote kila siku 2 au 3. Kasoro yake ni kwamba jicho lake ni pana, doa moja ni kama kilomita 40. Haliwezi kutofautisha shamba lako na la jirani. Kwa kaunti, kwa kutabiri ukame, inafaa sana. Ziko pia setilaiti za rada za Ulaya, Sentinel-1, tangu 2014, zinazoona vipande vidogo zaidi, na data zake ni bure kwa yeyote. Zinapita juu ya Kilifi na Tana River kama zinavyopita juu ya Ufaransa. Ni nani huku kwetu anazifungua, hilo ni swali langu kwa wakubwa wa kilimo wa kaunti zetu zote sita, na nitafurahi kupata jibu.

Tunda ni gumu zaidi. Tunda linapoiva, sukari yake huongezeka, nyama hulainika na maji hubadilisha hali, na mawimbi huonyesha mabadiliko hayo. Lakini tunda ni maji matupu karibu lote, na sauti ya maji hufunika sauti ya sukari. Watafiti wa Marekani waliopima matikiti kwa miaka waliona kwamba kuusoma utamu moja kwa moja kutoka kwenye mawimbi si rahisi. Kwa hivyo yule bwana wa Kongowea na kidole gumba chake hajapoteza kazi.

Turudi kwa mtu wetu. Januari 1897 alisimama mbele ya Royal Institution ya London na vyombo vyake vya mezani, na mabingwa wa fizikia wakashangaa. Matajiri wa telegrafu wakamfuata. Walitaka achukue hataza, yaani ile haki ya kisheria ya mvumbuzi kulipwa na kila anayetumia uvumbuzi wake. Akakataa, aliamini elimu si ya kuuzwa. Rafiki zake wawili wa kike, Mmarekani Sara Bull na Mwairishi aliyejulikana kama Sister Nivedita, walimshikilia mpaka ikaombwa hataza moja Marekani, ya kipokezi cha kristali ya galena, ikatolewa 1904. Kipokezi hicho kilikuwa mbele ya zama zake, kwani redio za kristali za miaka iliyofuata zilitumia madini hayo hayo. Bose akaiacha hataza ipite bila kuchuma chochote.

Wapo wanaomsifu kwa hilo kama walii. Mimi moyo wangu unasita. Elimu yetu inasema anayeficha elimu anaulizwa, na hilo naliamini. Lakini Bose alipoacha mlango wazi, hawakuingia maskini wa Bengal. Waliingia wenye viwanda. Marconi na Mjerumani Ferdinand Braun walipewa Nobeli ya fizikia 1909, na Calcutta haikutajwa. Sisi leo tukitaka kifaa cha kupima unyevu wa udongo tunaagiza kutoka nje kwa bei ya wenyewe. Angechukua hataza, pesa zikajenga maabara na viwanda kwao mapema, hadithi ingekuwa nyingine. Kutoa bure na kutoa kwa watu wako ni mambo mawili, na sidhani aliyatenganisha vizuri. Alisema hapana kwa thuluthi ya mshahara kwa kuwa ilikuwa dhuluma, lakini kwenye hataza akawaachia wenye nguvu wachukue kitu chote.

Baada ya 1900 aliyaacha mawimbi na kuigeukia mimea. Aliona vipokezi vyake vikichoka baada ya kazi nyingi na kupata nguvu vikipumzishwa, akajiuliza kama kuna mpaka kweli baina ya kilicho hai na kisicho hai. Akatafiti umeme ndani ya mimea, ukiwemo ule mmea mdogo unaojikunja majani ukiguswa. Mwaka 1901 alipopeleka matokeo London, mabingwa wa fiziolojia walimwambia arudi kwenye fizikia yake, na maandishi yake yakawekwa kando. Akatengeneza kifaa alichokiita kreskografu, kinachokuza mwendo wa mmea unavyorefuka mara 10,000, ukautazama mmea ukikua mbele ya macho yako, ukisita ukiwekewa sumu, ukichapuka ukipata mbolea. Kufikia 1919 alikuwa akijaribu hata namna mimea inavyoitikia mawimbi ya redio. Mwaka 1920 kundi la wanasayansi lilikutana London kukijaribu kifaa chake kwa macho yao baada ya mmoja wao kukitilia shaka, wakathibitisha kwamba kinasema kweli. Mwaka ule ule akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Alipozungumzia hisia za mimea, naona alivuka alichokipima. Mmea kuwa na umeme ndani yake kunathibitika. Kwamba unaumia na kufurahi kama sisi ni jambo jingine, na wengi wa waliompinga hawakuwa na chuki naye. Lakini umeme wa mimea unasomwa katika vyuo vikuu leo, na waliomwambia arudi kwenye fizikia hawatajwi.

Tarehe 30 Novemba 1917, siku alipotimia miaka 59, alifungua taasisi yake mwenyewe ya utafiti huko Calcutta, kwa akiba yake na michango ya watu. Hakutaka kijana mwingine wa Bengal aanzie kwenye kijichumba na fundi wa bati. Aliiongoza mpaka mwisho wa uhai wake. Alifariki Giridih tarehe 23 Novemba 1937, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 79. Yeye na Abala hawakujaaliwa kupata mtoto aliyekua. Abala aliishi hadi 1951, akifungua shule za wasichana na kuwasaidia wajane.

Mwaka 2012 jumuiya ya kimataifa ya wahandisi wa umeme, IEEE, iliyatambua rasmi majaribio yake ya 1894 hadi 1896 kuwa ya kwanza duniani kwa mawimbi ya milimita. Vyombo vyake vya mezani, na pembe zake za bati, vimehifadhiwa katika taasisi ile ile, na jiji lenyewe sasa huitwa Kolkata.